Nguzo za Nzige

Hapa Caney Lick, milimani mwa Kentucky,
mti huu wanauita nzige.
Nilipoambiwa mara ya kwanza nilitazama juu,
nikitafuta wingu la mbawa.
Kwetu Lushoto nzige ni jina la hasara:
bibi yangu alihesabu umri wake tangu mwaka ule
walipotua, wakala shamba, wakala hadi nyasi za paa.
Hapa nzige ndiye anayelibeba paa.

Bi Delphia Stidham, miaka themanini na tisa,
alinipeleka kwenye uzio wa marehemu mumewe.
Chimba, akasema, uone.
Nikachimba, magoti kwenye tope la Machi,
nikitarajia kile kilichoko chini ya kila nguzo niliyowahi kung'oa:
unga, mchwa, harufu ya pango.
Nikakuta mti.
Manjano iliyoingiwa na kijani, kama nyongo,
na kovu la shoka lingali na kingo zake.
Orbin aliikata mwaka aliorudi kutoka vita vya Korea
na vidole saba.
Jiwe alilolishindilia ubavuni mwa nguzo
lilikuwa limepasuka.

Nilikuwa seremala kabla sijawa mgeni.
Naujua mninga, naujua mvule,
najua mpingo unavyomfedhehesha mwenye msumeno butu.
Huu nao una kiburi chake.
Nilichukua gogo kavu la ghalani, nikapigilia;
msumari wa inchi nne ukajikunja
kama bwana harusi aliyetajiwa mahari.
Bi Delphia akacheka hadi akashika ukuta.
Ukishakauka, akasema
(maneno ni yake, mimi nayavika yangu),
hausikii la mwadhini wala la mnadi sala.
Nikamwambia: kwetu, samaki mkunje angali mbichi.
Akataka nirudie, polepole,
akaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
na kesho yake mpwa wake akashusha
magogo manne mabichi, yanatoa maji.

Tukayamenya. Miiba ya matawini,
miwili miwili kama walinzi wa lango,
ilinitoza damu kidogo, sikupewa risiti.
Ile mbao nyeupe ya nje huoza upesi.
Kiini ndicho kinachobaki.
Mchungaji wao angeweza kukaa hapo Jumapili nzima;
mimi nilikuwa na mashimo manne ya kuchimba.

Kidaraja tu, futi ishirini na mbili juu ya kijito.
Mafuriko ya kiangazi yalikibeba kile cha zamani
pamoja na banda la kuku na sanduku la barua,
na sasa mtoto wa jirani huvuka kwa viatu mkononi
kuliwahi basi la shule.
Nikashusha timazi. Nikangoja uzi utulie.
Kibali changu cha kazi kinaisha Oktoba.
Nimekitia ndani ya mifuko miwili ya plastiki
kisije kikaloa.
Nguzo sikuipaka kitu. Si lami, si rangi.
Niliitia udongoni kama ilivyo.

Zile za Orbin hatukuzitupa.
Tulizigeuza kichwa chini, miguu juu,
zikaanza zamu ya pili kwenye banda jipya la kuku.
Bi Delphia alizigusa moja moja
akitaja namba, kumi na nne, kumi na tano,
kisha akasema upepo ni mbaya, akaingia ndani.

Mei, ukingo wote wa barabara ukachanua,
vichala vyeupe, nyuki hadi magharibi.
Mama akapiga simu. Unafanya kazi gani huko?
Nasimika nzige, nikamwambia.
Simu ikanyamaza. Nikasikia jogoo wa Lushoto,
nikasikia sufuria ikiteguliwa.
Kisha, kwa sauti ya chini:
Mwanangu. Wamefika hadi huko?